Shule ya Milango Kumi na Sita

Jamani, shule isiyo na madawati tumeiona, na isiyo na choo tumeisoma wenyewe, hilo halimtoi mtu machozi. Lakini shule yenye milango kumi na sita mipya, ya mbao ngumu, imepakwa rangi ya kijani na kutiwa vitasa vinavyong'aa, halafu haina ukuta hata mmoja wa kuishikilia? Hiyo ilikuwa moja tu. Na mwalimu mkuu wake alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha gari, aliyefika kazini kila siku saa moja na nusu asubuhi, mvua inyeshe jua liwake.

Msiniulize hao wa ofisini walisomea wapi. Mwaka wa fedha ulikuwa ukingoni, na hela ambazo hazijatumika zilitakiwa kurudi hazina. Sasa, ukuta unataka muda. Msingi uchimbwe, zege likauke, tofali zipangwe. Mlango haukaushwi, mlango unanunuliwa tu. Basi wakanunua milango. Wakanunua na mbao za kuandikia, kengele ya shaba, na lango la chuma lenye maandishi ya rangi ya dhahabu, wakalisimamisha peke yake kwenye kiwanja kisicho na uzio. Jiwe la msingi liliwekwa mara tatu, kwa sababu wageni rasmi walikuwa watatu na kila mmoja alitaka jiwe lake. Na kabla tofali la kwanza halijashushwa, wakaajiri mlinzi na kumteua mwalimu mkuu, maana fomu ya mwaka ilikuwa na nafasi ya mwalimu mkuu na haikupendeza kuiacha wazi.

Wenyewe wa ofisini walicheka. Yeye hakucheka hata kidogo. Miaka ishirini na tisa alifundisha hesabu chini ya wakuu saba, na wawili kati yao kugawanya kwa tarakimu mbili kuliwashinda. Kila nafasi ilipotoka alipewa mwingine, naye akaambiwa asubiri. Barua ya uteuzi ilipofika aliibusu mbele ya tarishi, akaitia kwenye fremu. Pale kiwanjani aliweka meza chini ya mwavuli mkubwa, akaitundika barua kwenye mpini wa mwavuli, akafungua daftari la mahudhurio ya walimu. Jina lilikuwa moja. Asubuhi alisaini kuingia, mchana akasaini kutoka.

"Dada, hebu niambie," mdogo wake alikuwa akimchokoza kutoka ng'ambo ya barabara, alikokuwa na kibanda chake cha cherehani. "Wewe ni mkuu wa nini hasa? Wa majani?"

"Mkuu wa shule."

"Shule iko wapi?"

"Inakuja."

"Inakuja kwa miguu, au?"

Na wateja wote pale kibandani wakavunjika mbavu. Mwalimu Mkuu akafunua daftari lake na kujitia hamnazo. Mambo yakaenda hivyo miezi kumi na minne.

Mwenzake kiwanjani alikuwa mlinzi, mzee mrefu ambaye watu wote walimwita Funguo, kwa ule mkufu wa funguo kumi na sita uliomning'inia kiunoni. Milango ilikuwa imelala chali chini ya turubai, mmoja juu ya mwingine, na kila jioni Funguo alipita akijaribu vitasa kabla ya kwenda zake. Ukimcheka alikuwa anakujibu kwamba mlango ni mlango. Kitu kimoja tu kilimkera, nacho ni kengele. Alitamani kuipiga tangu siku ya kwanza, lakini Mwalimu Mkuu alikuwa ameapa kwamba kengele ya shule hailii mpaka kuwe na wanafunzi wa kuisikia. Basi ikakaa mezani, inapanguswa vumbi, inanyamaza.

Alhamisi moja ikaja barua.

Mwalimu Mkuu aliisoma amesimama, akaimalizia amekaa. Mradi wa shule mpya umefutwa. Jumatatu saa tatu mkaguzi atafika kuhesabu gharama zote zilizobebwa na umma. Atafika na lori. Vitu vyote visivyotumika vitapakiwa siku hiyohiyo, kiwanja kitarudishwa, na mwalimu mkuu atarudi kituo chake cha zamani na cheo chake cha zamani.

"Kuna habari gani, Mwalimu Mkuu?" Funguo akauliza. Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina jingine.

"Usiniite hivyo tena, Funguo. Wameshanivua."

Akalia. Tena alilia kweli, kwa kwikwi, mchana kweupe, watu wanapita. Unajua kituo chake cha zamani mkuu alikuwa nani? Mwanafunzi wake mwenyewe! Kijana aliyemfundisha kwa mikono yake, aliyekuwa akiandika saba imegeukia ukutani hadi darasa la sita. Sasa akamwombe huyo ruhusa ya kwenda kliniki? Akamwambie yeye "naomba chaki, mkuu"? Alihisi aibu hiyo mpaka masikioni, na aliisema wazi, akamwambia Funguo kwamba afadhali auze vitumbua.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Karatasi yoyote aliyowahi kushika mikononi aliisahihisha, hata risiti ya duka. Alipojifuta machozi akajikuta kalamu nyekundu iko mkononi. Akaisoma barua mara ya pili akizungushia makosa, akaipa nne juu ya kumi, akaandika pembeni: mwandiko mbaya, mawazo hafifu. Akaisoma mara ya tatu, na hapo kalamu ikagota.

"Funguo. Hapa wamesema vitu visivyotumika ndivyo vitapakiwa."

"Ndivyo ulivyosoma."

"Mlango unatumikaje?"

Funguo akafikiri, kwa sababu ni mtu wa kufikiri. "Unafunguliwa. Unafungwa."

"Basi?"

"Basi tu."

Wakatazamana. Halafu Mwalimu Mkuu akaanza kucheka, huku kamasi bado zinamtoka, akacheka mpaka mwavuli ukayumba. Mdogo wake akavuka barabara mbio, na shati la mteja mkononi, akidhani dada yake kashikwa na kifafa.

Kesho yake asubuhi kiwanja kilikuwa hakikaliki. Fundi seremala aliyeiuzia serikali ile milango alikuja na sururu yake bila kuitwa mara mbili, maana alisema milango yake haikuzaliwa ikaozee ghalani. Ramani za shule zilikuwepo, tena za bei mbaya, zimekunjwa ndani ya bomba. Mwalimu Mkuu akazikunjua juu ya meza. Kila mlango ukachimbiwa fremu yake palepale mchoraji alipouonyesha, usisogee hata shubiri. Kufika Jumamosi mchana milango kumi na sita ilikuwa imesimama wima kwenye majani, safu mbili zinatazamana, katikati ushoroba. Kuta zikachorwa kwa majivu. Ndani ya kila chumba ubao mmoja umeegemezwa kwenye mti, na Funguo akawa anatembea ushorobani na funguo zake, anafunga, anafungua, anafunga, uso unamnawiri kama wa bwana harusi.

Wanafunzi je? Hao walikuwepo tele. Shule ya mtaa ilikuwa imejaa hadi watoto wakagawanywa zamu, na wale wa zamu ya mchana kazi yao asubuhi ilikuwa kupigana na kuvunja vitu vya watu. Mwalimu Mkuu akapita nyumba kwa nyumba. Hakumaliza hata sentensi. "Chukua, mwalimu!" akina mama walimwambia. "Chukua na huyu mdogo! Saa ngapi unawarudisha? Usiwahi!" Akaandikisha mia moja na kumi na wawili. Wa kuwafundisha wakapatikana: fundi seremala vipimo, mdogo wake kuhesabu kwa vifungo, na walimu wawili wastaafu waliokuwa wamechoka kukaa nyumbani na kugombana na wake zao.

Jumapili alasiri akawakusanya wanafunzi wote kwa mazoezi.

"Sikilizeni," akasema. "Kuta zipo. Ninyi hamzioni kwa sababu hazijalipiwa. Anayetaka kuingia, hodi. Anayetaka kutoka, mkono juu. Na yeyote atakayepita ukutani, mimi na yeye."

Hakujua anazungumza na watu gani. Watoto waliipokea ile amri kwa nguvu kuliko alivyoitoa. Nusu saa haikupita, mmoja akaegemea ukuta akaanguka chali, wenzake wakamlaumu kwa kuuharibu. Binti mmoja akainuka kufunga dirisha kwa sababu vumbi linaingia, akarudi kukaa, na wallahi darasa zima likaacha kukohoa. Mdogo wake mwalimu alipoleta boksi la chaki akikatiza moja kwa moja kutoka barabarani, zikapigwa kelele za kupasua anga: "Mama mdogo kagonga ukuta!" Wakamshika mikono, wakampeleka hadi mlangoni, wakamfunza kubisha.

"Dada, hawa umewalisha nini?" akauliza, amesimama nje anasubiri kukaribishwa.

"Subiri ukaribishwe," dada yake akamjibu.

Jumatatu saa tatu kamili lori likaegesha. Akashuka mkaguzi, mwanamume mwembamba aliyepiga pasi mpaka mikunjo ya shati, kabeba faili na fomu ndefu. Fomu ile ilikuwa na orodha ya kila kitu ambacho umma ulilipia, na mbele ya kila kitu vijisanduku viwili: INATUMIKA, HAITUMIKI. Mkaguzi huyu alikuwa na mtindo wake. Hakutia alama mpaka akione kitu kikifanya kazi kwa macho yake, kisha akigonge kwa kitako cha kalamu, mara mbili. Watu wa ofisini walimjua kwa hilo, na hakuna aliyewahi kumwona anacheka.

Akalitazama lango limesimama peke yake, akalizunguka kama mtu yeyote mwenye akili.

"Mzee!" Funguo akamwita, mkono kifuani. "Samahani sana. Geti ni hili."

"Lakini hakuna uzio."

"Ndiyo maana tukaweka geti. Karibu usaini kitabu cha wageni."

Mkaguzi akarudi, akapita langoni, akasaini. Akaligonga lango mara mbili, akatia alama: INATUMIKA. Mwalimu Mkuu alikuwa anachungulia nyuma ya mlango wa ofisi yake.

"Wewe ndiye mama uliyekuwa unasimamia hapa?" mkaguzi akamuuliza walipokutana.

"Mimi ndiye mwalimu mkuu."

"Sawa, mama. Tuanze na milango."

Akaelekea darasa la pili, na kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, akapita pembeni yake. Mungu wangu! Watoto arobaini walivuta pumzi kwa pamoja. "Kapita ukutaniii!" Mmoja akajifunika uso. Mwalimu mstaafu aliyekuwa anafundisha akaishusha miwani yake, akamkazia macho yale yale aliyowakazia watu kwa miaka arobaini. Mkaguzi akatazama miguu yake. Majivu yalikuwa yameshamchafua viatu. Sijui ni kitu gani kilimpata, pengine ni hayo macho, pengine alikumbuka shule yake mwenyewe, lakini alirudi kinyumenyume kwa hatua zilezile, akasimama mbele ya mlango, akabisha.

"Hodi."

"Nani?"

"Mkaguzi."

"Karibu!"

Kitasa kikalia, mlango ukafunguka bila kukwaruza, darasa likasimama. "Shikamoo, mkaguzi!" Akaitikia marahaba, akageuka, akaugonga mlango mara mbili kwa kitako cha kalamu. INATUMIKA. Milango yote kumi na sita akaibisha. Ubao ukaandikwa ukafutwa mbele yake. Dereva wa lori aliyekuwa amekuja kupakia mizigo akajikuta anapanga foleni nyuma yake, naye anapiga hodi, anafurahi kama mtoto.

Kengele tu ndiyo ilimkwamisha. Alipouliza kama inatumika, Mwalimu Mkuu akasema, "Sijawahi kuipiga." Funguo akamtolea macho, kama kumwambia amdanganye mtu tu! Lakini mwalimu hakuwa na tabia hiyo. Mkaguzi akaacha vijisanduku vyote viwili wazi, akaendelea.

Kufika saa nne, akina mama na mafundi wa jirani walikuwa wamejaa nje ya kuta, kila mmoja kwenye dirisha lake. Mdogo wake mwalimu akashindwa kuvumilia.

"Ndugu mkaguzi, hiyo orodha imekufikisha shilingi ngapi? Maana ni hela yetu hiyo."

Kwa kanuni hesabu za umma hazikuwa siri, na mkaguzi alikuwa mtu wa kanuni. Akasoma. Ramani. Upimaji wa kiwanja, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza walipima cha jirani. Mawe ya msingi matatu, pamoja na hema, vipaza sauti na viti vya wageni. Utepe wa kukata, mita mia mbili.

"Mia mbili! Walikuwa wanaizungushia nchi nzima?"

"Jumla," mkaguzi akasema bila kuinua uso, "milioni themanini na nane."

"Na shule nzima ilikuwa igharimu ngapi?"

"Mia moja sabini na nane."

Watu wakapiga hesabu. Kisha mama mmoja akapasua sauti: "Kumbe tumeshalipa nusu ya shule! Basi tupeni nusu yetu!" Wakashangilia, wakapigiana mikono, fundi seremala akatangaza kwamba yeye anachagua nusu ya juu, yenye paa. Vilikuwa vicheko vya watu walioibiwa wakagundua wameibiwa hadharani, na hata dereva wa lori alikuwa anajifuta machozi.

Mwalimu Mkuu naye alicheka, mpaka mkaguzi alipofika mwisho wa ukurasa na kidole chake kikasimama. Alikuwa karibu yake, akaona. Mstari wa mwisho wa orodha, chini ya kengele, uliandikwa hivi: mwalimu mkuu, mmoja, mishahara ya miezi kumi na minne.

Kicheko kikamkatika. Walikuwa wamemworodhesha na utepe. Miaka yote ishirini na tisa aliyosubiri, na yuko hapo, mstari wa sitini na mbili wa hasara, anasubiri kugongwa kwa kitako cha kalamu.

"Mama," mkaguzi akasema kwa sauti ya chini, "huu nao inabidi niutie alama."

Angeweza kusema lolote. Watu wote walikuwa upande wake. Akaikunja mikono yake kifuani.

"Andika ukweli, mkaguzi. Miezi kumi na minne sikutumika. Nilikaa chini ya mwavuli nikasaini. Nililipwa, nikala, na sikumfundisha mtoto hata mmoja kujumlisha. Kwa hilo naona aibu, na aibu hiyo si yangu peke yangu, lakini yangu naijua."

Mdogo wake aliuma kanga yake. Mkaguzi akaiinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Mimi sitii alama kwa kuambiwa," akasema. "Natia kwa kuona. Una darasa la tano hapo. Naomba nione."

Mwalimu Mkuu akamwangalia. Halafu akaivuta ile faili mikononi mwa mkaguzi, kabla mwenyewe hajajua kinachoendelea, akaingia nayo darasa la tano. Kwa mlangoni, bila shaka.

"Kaeni. Leo tuna hesabu ya kweli. Kumaliza shule hii kumebaki milioni tisini. Mkaguzi, kuifuta itagharimu ngapi? Si mlizotumia, nauliza mnazokuja kutumia."

Mkaguzi, aliyekuwa amekaa nyuma kwenye kigoda na magoti yamemfika kidevuni, akasema hizo ziko kwenye faili nyingine, ofisi nyingine, ghorofa ya juu. Hazijawahi kuwekwa pamoja na hizi. Ila nakala anayo, nyuma kabisa. Mwalimu akafunua, akasoma, na watoto wakaandika kwenye mchanga na madaftari. Fidia ya mkandarasi aliyevunjiwa mkataba, hamsini na nane. Kuvunja lango, tisa. Malori na ghala la kutunzia milango, kumi na mbili. Kukirudisha kiwanja kama kilivyokuwa, kumi.

"Jumla?"

Vidole vikahesabu, midomo ikatikisika. "Themanini na tisaaa!"

"Na kumaliza?"

"Tisini!"

Darasa likanywea. Kufuta kulikuwa na nafuu ya milioni moja. Nje ya kuta watu wakaguna. Mwalimu Mkuu alikuwa amejichimbia kaburi kwa hesabu yake mwenyewe, tena hesabu sahihi. Akaandika tofauti ubaoni, moja, akaipigia mstari, kwa sababu jibu ni jibu hata likikuua.

Yule binti aliyefunga dirisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, waliokaa kuifuta, walikaa bure?"

"Wapi?"

"Kwenye mkutano. Baba akienda mkutano wanampa soda na nauli."

Macho yote yakageuka nyuma, kwenye kigoda. Mkaguzi akakohoa. Akainuka, akaja mbele, akaichukua faili yake kwa adabu, akafunua karatasi ambayo haikuwa imefunuliwa.

"Kamati ya kufuta mradi," akasoma. "Vikao vitatu. Posho, chakula na usafiri, vyote bado havijalipwa." Akafuata mstari kwa kidole. "Milioni nne."

Watoto hawakungoja kuulizwa. "TISINI NA TATUUU!"

Mungu mkubwa, ilikuwa vurugu. Nje watu walirukaruka, wengine wakakumbatiana kupitia madirishani, fundi seremala akatupa kofia juu ikatua kwenye darasa la saba, na hakuna aliyethubutu kuifuata bila kubisha. Kuifuta shule kulikuwa na gharama kubwa kuliko kuimaliza! Na ukishaifuta huna hata shule! "Rudia," Mwalimu Mkuu akamwambia yule binti, "njoo uandike ubaoni, tarakimu zipangike vizuri." Binti akaandika, ulimi nje. Mwalimu akamsahihisha namna ya kubeba moja, taratibu, kana kwamba hakuna mtu mwingine kiwanjani.

Mkaguzi akasimama pembeni akiangalia ule mkono mkubwa umeshika mkono mdogo wenye chaki. Akanakili hesabu nzima kwenye fomu yake, chini, mahali palipoandikwa maoni. Kisha, polepole, akagonga mstari wa sitini na mbili mara mbili kwa kitako cha kalamu, akatia alama. Akamgeuzia karatasi aone mwenyewe.

"Hasara ya miezi kumi na minne siwezi kuifuta," akasema. "Kazi ya leo nimeiona. Lori langu halina cha kupakia isipokuwa mawe mawili ya msingi, maana shule moja haiwezi kutumia matatu. Hii fomu nitaipandisha mwenyewe ghorofa ya juu, na sitaondoka mlangoni kwao mpaka waisome." Akafunga faili. "Imebaki kengele, Mwalimu Mkuu."

Alimwita hivyo. Funguo alisikia, akaangalia kando haraka, kana kwamba kuna kitu kimemwingia jichoni.

Saa tano na nusu ilikuwa imefika, na watoto ilibidi waende kunawa kwa zamu ya mchana. Mwalimu Mkuu akaiendea meza yake chini ya mwavuli. Akaishika ile kengele ya shaba, akamtazama Funguo, akaona jinsi mzee wa watu alivyokuwa amekauka kwa hamu.

"Funguo, njoo upige."

"Mimi?"

"Kwani nani analinda kengele hapa?"

Funguo akapiga. Akapiga kwa miezi kumi na minne yote, mpaka ndege wakahama mtaa. Kiwanja kilikuwa wazi pande zote nne, nyumba zao zinaonekana, jua limepamba, na hapakuwa na kitu cha kumzuia mtoto yeyote kukimbia alikotaka. Wakainua mikono. Wakaruhusiwa. Mia moja na kumi na wawili wakapanga foleni, wakatoka mmoja mmoja mlangoni, wakashika ushoroba, wakapita langoni.

Mkaguzi alikuwa wa mwisho kutoka darasa la tano. Alishatoka, alishapiga hatua mbili kwenda kwenye lori, akasimama. Akarudi. Akaushika mlango kwa kitasa, akaurudisha nyuma yake taratibu mpaka ukalia kidogo, ule mlio wa mlango uliofungwa vizuri, ili upepo usiingie darasani.